Saruji Iliyotwangwa

Mti mmoja kati ya ile iliyoegemeza paa la baraza ulikuwa umeshang'olewa fundi alipofika uani. Mdogo wake alikuwa ameinua nyundo augonge wa pili, na mama yao ameketi papo hapo chini ya zege la paa hilo, anashona kifungo, raha mustarehe.

"Hebu acha kwanza," alisema fundi. Alichomoa msumari mfukoni akalikwaruza zege. Lilikuwa na wiki tatu, lilipaswa kuushinda msumari. Lilimomonyoka kama biskuti.

"Saruji uliitoa wapi?"

"Ile ya stoo. Ilipata unyevu ikaganda, nikaitwanga, nikaichekecha. Ikarudi unga safi, dada, ungeiona!"

"Haikurudi."

"Kwani maji yakiganda si yanayeyuka?"

Kumbe ni hilo neno kuganda lililomponza. Fundi alitamani kumzaba kibao.

"Maji yakiganda ni maji yale yale. Saruji ikishaganda imegeuka kitu kingine kabisa. Ulichotwanga ni jiwe, na unga wa jiwe haushiki kitu. Mama, njoo huku."

"Nimalizie kifungo."

"Sasa hivi, mama!"

Juu yao kitu kililia ta! Vumbi likamshukia mama mabegani. Fundi hakungoja, alimkumba mzima mzima, huku mama akilalamika kwamba sindano imepotea. Mdogo mtu naye akatimua mbio. Walikuwa hata hawajaufikia ukuta wa ua, paa la baraza likaporomoka lote, likaziba mlango wa nyumba.

Walikohoa, wakatazamana.

"Ulitwanga mifuko mingapi?" aliuliza fundi.

"Sita."

"Baraza limekula minne. Na miwili?"

Mdogo wake alisawajika uso. Ile miwili alijengea boriti ya chumba cha watoto wake, na miti iliyoiegemeza aliing'oa asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. Watoto walikuwa humo, wamelala usingizi wa mchana.

"Dirishani!" alifoka fundi. "Usiwaite, usigonge ukuta."

Mdogo wake, baba wa watoto, aliparamia dirisha akaingia. Fundi alisimama nje amenyoosha mikono, akampokea wa kwanza, kisha wa pili, huku akiikodolea macho boriti. Mwisho akatoka baba mwenyewe, akajibwaga chini akilia waziwazi, wala hakujificha uso.

Binti yake mdogo, usingizi bado machoni, alimsogelea akampangusa vumbi shavuni.

"Baba, nani amekupiga?"