Bango la Ataa Panyin

Kompyuta ya Dufie haikuzaliwa Bekwai. Kila jina la mji huo ililipigia mstari mwekundu, kana kwamba watu wote walizaliwa kwa makosa. Dufie, mchapaji wa mabango ya misiba, alichoka kukaripiwa na mashine. Akaifundisha majina moja moja mpaka ikanyamaza.

Ikanyamaza kupita kiasi. Alipofariki Ataa Kakra, mkono wa Dufie ulimwandika pacha wake aliye hai, Ataa Panyin, na mashine haikukohoa. Yote mawili ni majina. Nani anapumua, hayo hayakuihusu. Mabango yakabandikwa mji mzima.

Ataa Panyin, bibi kizee aliyeileta kazi hiyo mwenyewe, akarudi dukani amejitanda nguo nyekundu ya msiba. Dufie hutania hata wafiwa, lakini siku hiyo aliacha mzaha. Akaomba radhi, akaahidi kuchapa upya bure.

“Usiliguse bango hilo,” alisema bibi kizee.

Akaeleza polepole kwamba tangu pacha wake afe, kuna kitu humwita uani kwa jina lake, na kila siku kinausogelea mlango. Sasa amewaambia watu wa ukoo kwamba yeye ndiye Kakra. Nao wamekubali, tangu utotoni hawakuwahi kuwatofautisha.

“Kikija, kisome ukutani kwamba Panyin ameshaondoka.”

“Na Kakra je, Nana?” Dufie alimwuliza kwa heshima ya wazee. “Ataondokaje bila kuitwa?”

“Huyo hana haraka. Hata kuzaliwa alimsubirisha mama.”

Dufie akacheka, na kicheko hicho kikawa ndiyo yake. Usiku hakulala vizuri.

Jumamosi, mbele ya jeneza, mkuu wa ukoo aliyetoka Accra alimwaga kinywaji cha tambiko ardhini, akaita kama bango lilivyosema: “Ataa Panyin, njoo upokee.”

Bibi kizee, kwenye viti vya wafiwa, aliuma midomo. Mkuu akaita tena. Bibi akajiziba kinywa kwa upindo wa nguo, macho yamemtoka. Dufie alitaka kupiga kelele kwamba jina si hilo, akakumbuka kwamba alishakubali.

Mkuu akaita kwa upole sasa, kama mama amwitavyo mtoto aingie ndani. Na kinywa kilichoitikia jina hilo tangu utoto kina mazoea yake.

“Abee.”

Waombolezaji wote waligeuka kulitazama jeneza. Dufie peke yake ndiye aliyemtazama bibi, akamwona ananyanyuka taratibu kuufuata mwito, bila woga tena, kama mtu aliyeambiwa chakula kimeiva.