Vitanda Vilivyovuka Barabara

Kiduchu alikuwa anaanika taulo za saluni nje ya mlango kitanda cha kwanza kilipotoka kwenye geti la hospitali. Kilisubiri lori la saruji lipite, kikavuka barabara, kikapanda ukingo kwa shida na kusimama mbele yake. Juu yake alilala bibi mmoja aliyejifunika shuka hadi kidevuni. Dripu yake ilikuwa imekwisha na damu imeanza kupanda kwenye mrija.

"Nimeita weee, mpaka sauti imekauka," bibi alisema. "Kitanda kimechoka kusikiliza, kikaamua kuja."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huo mrija, mwanangu."

Mama mdogo wake, mwenye saluni, alichungulia dirishani na chanuo mkononi, akamwambia akirudishe kabla hakijaziba mlango. Kiduchu akakisukuma.

Wodi ilikuwa imejaa, na muuguzi alikuwa mmoja tu, mama wa makamo ambaye wote walimwita Sista. Aliufunga mrija, akabadilisha dripu, ndipo akaongea.

"Kiweke pale dirishani. Wenzangu wamestaafu, na hakuna aliyeletwa badala yao. Tangu hapo vitanda vinajitafutia. Juzi kimoja nimekifuata buchani."

Baada ya siku ile vitanda vilizoea saluni. Buchani wagonjwa waliambiwa wasubiri zamu yao, benki mlinzi aliwataka vitambulisho. Kwa Kiduchu walau walisikilizwa. Hakujua tiba na hakujifanya anajua. Alimshika mgonjwa mkono, akamuuliza kinachomsumbua, kisha akakimbia kumwita Sista. Wateja waliokaa chini ya draya walikunja miguu ili vitanda vipite.

Alikuwa amemaliza shule na alisubiri kuomba chuo. Baba yake, mpima ardhi, alikuwa amemchagulia uhandisi tangu anatambaa. Jumapili moja Kiduchu alimkuta akifuta darubini yake ya kupimia.

"Baba, nataka kusomea uuguzi. Shahada."

"Hesabu zote zile nilizokusomesha, ukabebe mikojo ya watu?"

"Na wewe ukiugua, baba, ya kwako abebe nani?"

Baba aliendelea kufuta lenzi ambayo tayari ilikuwa safi. Kwa wiki kadhaa hakumsemesha, isipokuwa kumwomba chumvi.

Chuo kilimkataa. Biolojia alifanya vizuri, ila kemia ilimwangusha. Mama mdogo alimshauri achukue kozi fupi, yaishe. Sista hakukubali hata kidogo.

"Cheti ninacho mimi," alisema huku akifunga bandeji. "Kwenye vikao wananisikia nikiangusha sinia tu. Kasome shahada ukae mezani nao. Rudia kemia."

Haukupita muda, kitanda kikamleta mwalimu mstaafu wa kemia aliyevunjika nyonga. Alikuja kuomba dawa ya maumivu. Sista alimletea, lakini mzee hakutaka kuondoka. Alikuwa ameona kitabu kati ya chupa za shampuu.

"Nani anasoma hiki?"

"Mimi, mwalimu."

"Mbona umefungua ukurasa mwepesi?"

Tangu hapo kitanda chake kilikuja kila asubuhi, saluni ikifunguliwa, na kuegeshwa kando ya sinki. Alimfundisha asidi na besi kwa vitu vilivyokuwepo. Dawa ya kulainisha nywele ni besi. Kwa nini inachoma? Ndimu je? Kiduchu alijibu huku akisuuza vichwa vya watu. Mama mdogo naye akaelewa alichokuwa akiwafanyia wateja miaka yote, akaanza kuwa mwangalifu. Mzee alipokuwa na maumivu makali alifundisha macho yamefumbwa, na jibu likikosewa aliyafumbua.

Asubuhi moja Kiduchu alikuta kitanda cha mwalimu kimeshafika mlangoni. Kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka mpya zilizokazwa kila pembe. Mlinzi wa duka la jirani alisema kilikuja alfajiri kikiwa na mtu, kikasimama sana mbele ya mlango uliofungwa, kikarudi. Sasa kimerejea hivyo.

Kiduchu alikiingiza ndani, akakiegesha kando ya sinki. Alilaza kichwa kwenye godoro na kulia. Kisha akafungua kitabu na kumaliza maswali yaliyobaki, kwa sauti.

Alipokirudisha wodini, Sista hakumtazama usoni.

"Nilimsikia akiita," alisema. "Nilikuwa kule mwisho, kuna mama anatoka damu. Mikono yangu ni hii hii."

Wiki ile baba alikuja saluni na vyombo vyake vya kazi. Alipima barabara, akapima ukingo, akachanganya zege mwenyewe na kujenga mteremko.

"Ukingo ulikuwa unawatikisa wagonjwa," alimwambia Kiduchu. "Sasa watapanda vizuri." Akafungasha vyombo. Kiduchu alijua kwamba ugomvi umekwisha.

Wakubwa wa mji nao walipata habari. Walichora kivuko cha mistari minene na kusimamisha kibao chenye picha ya kitanda. Muuguzi hawakuongeza.

Kiduchu alirudia mtihani, kemia ikakubali. Kwenye usaili wa chuo, mwenyekiti wa jopo alimuuliza kwa nini anataka uuguzi. Kabla hajajibu, mlango ulisukumwa na kitanda kikaingia na dereva wa trekta mwenye mgongo mbovu. Wajumbe walisogeza meza kidogo.

"Samahani wakuu," dereva alisema. "Nimelalia upande mmoja tangu jana."

Kiduchu alinawa mikono kwenye kona. Alimuuliza panapouma, akamwambia atakachofanya kabla ya kukifanya, akamwomba mjumbe mmoja amsaidie, wakamgeuza taratibu. Dereva alishusha pumzi na kulala hapo hapo.

"Tuliishia wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwa nini uuguzi," Kiduchu alisema.

"Ah. Tuendelee na swali la pili."

Alichaguliwa. Baba mwenyewe alipiga pasi sare ya Kiduchu, mikunjo ikanyooka kama mipaka ya viwanja.

Siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo Kiduchu na wenzake walipelekwa hospitali ile ile. Sista alikuwa bado peke yake. Alimkumbatia Kiduchu kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na kazi. Wanafunzi walifanya kazi kutwa nzima, na kutwa nzima hakuna kitanda kilichosogea.

Jioni basi la chuo liliondoka nao. Walipofika barabarani Kiduchu aligeuka, akaona vitanda vinatoka getini kimoja kimoja kuwafuata. Alifungua dirisha.

"Rudini!" aliita. "Kesho asubuhi nipo!"

Vitanda vilisimama. Vilionekana kufikiria, kisha vikaanza kugeuka, magurudumu yakilia. Kimoja hakikugeuka. Kiliendelea kuja, na aliyelala juu yake alikuwa ameinua mkono.

Kiduchu alimwambia dereva asimamishe, akashuka.