Machozi Yaliyofutika Kwenye Shaba

Mungu wangu, imerudishwa! Picha yenyewe, ile ya Petro analia, imerudi vilevile ilivyokwenda, na Tanneken kasimama nayo mlangoni pa karakana kama mtu aliyezabwa kofi mbele za watu.

"Usinitazame hivyo," shangazi yake Beatrijs alisema, akivua viatu vya mbao vilivyojaa tope la mji wa Lier. "Mimi nimetumwa tu. Kwanza nipe bia, koo limenikauka."

"Kaka kasema nini, shangazi?"

"Ngoja ninywe."

Akammiminia. Maana neno hilo kalingoja miaka mitatu! Miaka mitatu tangu wakubwa wa chama cha wachongaji wa picha za kuchapwa waje hapo karakanani Antwerp, wakakuta picha iliyochapwa bila ruhusa ya askofu, wakauliza, mkono wa nani huu? Wake! Wa Tanneken mwenyewe. Naye akajibu, "Wa kaka Wouter." Wouter akamtazama tu, hakubisha. Wakamfukuza mjini. Sasa yuko Lier anakohoa damu, na padri ameshampaka mafuta ya mwisho.

Barua alishindwa, kila aliyoianza aliichana. Alichoweza ni kuchonga picha kwenye bamba la shaba, ichapwe karatasini. Akamchonga Petro na jogoo wake, alfajiri ile ya kumkana bwana wake, na machozi akayakwaruza kwa ncha ya sindano, membamba kama nywele. Watu walikuwa wanalia sokoni wakiitazama! Nakala ya kwanza ni ya kaka, alijiambia. Lakini woga, jamani. Nitampelekea kesho, nitampelekea Jumapili. Mapadri wakachukua zao, watawa zao, na ile ya kwanza baba yake akampa diwani mmoja. Na kila karatasi ikipita chini ya mtambo wa kuchapia, shaba inalika, na mikwaruzo myembamba ndiyo inayotangulia kufa. Aliposikia habari ya damu akachapa moja mbiombio, akaikunja bila kuitazama, akampa shangazi.

"Aliisogeza dirishani," Beatrijs alisema, akifuta povu mdomoni. "Nikadhani atalia. Akacheka, mwanangu. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akasema, 'Shangazi, huyu Petro halii. Bamba limeisha hili. Machozi mdogo wangu ameshawauzia wengine, mimi kaniletea makapi.'"

"Si kweli! Ungemwambia..."

"Ningemwambia nini? Mimi najua shaba? Mimi najua kufuma lesi na kusali."

Tanneken akaifungua ile picha. Kweli. Mashavu meupe, safi, kama ya mtu aliyetoka kunyolewa.

Akarukia bamba, akashika kisu cha kuchongea, ayachimbe machozi upya, safari hii ya kina. Chozi la kwanza, sawa. La pili mkono ukamcheza, chuma kikateleza, kikapasua mboni ya jicho la Petro katikati.

"Acha," shangazi alisema taratibu. "Acha, mama. Nenda mwenyewe."

"Nikamwonyeshe nini?"

"Huo uso wako."

"Akinifukuza?"

"Basi utakuwa umefukuzwa. Kwani yeye hakufukuzwa?"

Akaweka kisu chini. Alitoka bila kofia, aproni imejaa wino, mvua inanyesha, akashika njia ya Lier kwa miguu, na kila hatua anasema peke yake, ni mkono wangu, kaka, ulikuwa mkono wangu. Alivyogonga mlango wa Wouter, na nani aliyekuja kumfungulia, nitawaambia kesho. Leo sauti yangu haitoki.