Kabichi ya Jumanne

Zundel alipoacha kula kwa Mama Frume, mjane muuza mikate ya vitunguu, alijiona mcha Mungu kuliko chuo kizima. Pale Zabrodye wanafunzi wa Torati walilishwa na nyumba za mji, siku hii kwa huyu, siku ile kwa yule. Jumanne ilikuwa ya Mama Frume. Zundel akaihamishia kwa tajiri Anshel.

"Nina shaka na nyama ya yule mama," alimweleza Getzel, mwenzake wa kusoma. "Sijui kama anaitia chumvi hadi damu yote itoke, kama sheria inavyotaka."

"Basi tusome," Getzel akasema, akafungua kitabu kikubwa cha sheria katikati yao.

Walisoma asubuhi nzima, wakigonga meza na kuitana punda, kama ilivyo kawaida yao. Kila Zundel alipoleta hoja, Getzel aliivunja. Mwishowe wakafika mahali pasipo ubishi: mtu huaminiwa jikoni mwake mpaka iwepo sababu ya kumshuku.

"Sababu yako ipi?"

"Mcha Mungu hujihadhari."

"Haya. Mpishi wa Anshel ulimwona akitia chumvi?"

Zundel akajifanya anatafuta mstari kitabuni.

"Kwenye bata bukini wa Anshel hukuuliza, bwana mkubwa! Na kwa Frume, nyama ulikula lini?"

Zundel akazihesabu Jumanne zake zote. Kwa Mama Frume hakuwahi kuona nyama. Ilikuwa kabichi, kabichi, tena kabichi.

"Wanawake hawanunui tena mikate yake," Getzel akasema polepole. "Wanasema msomi hakukimbia bure."

Zundel alikibusu kitabu kwa heshima, akatoka mbio hadi sokoni. Mama Frume alikuwa ameinamia kapu lililojaa mikate isiyouzika.

"Nipe mmoja, mama. Naula hapa hapa."

"Msomi hali sokoni, mwanangu! Watakucheka."

"Wacha wacheke, mradi waone."

Akanawa, akaubariki mkate kwa sauti iliyogeuza vichwa, akala wima, makombo yakimjaa ndevuni.

"Nimekukosea, mama. Jiko lako halikuwa na doa. Mimi nilitamani bata."

Mama Frume alicheka hadi akashika mbavu. Mteja mmoja akasogea, akaomba mikate miwili.

"Jumanne kuna kabichi," mama akamwambia Zundel, akijifuta macho.

"Mungu ashukuriwe kwa kabichi!" akajibu, na safari hii alimaanisha.

Chuoni alikuta Getzel hajafunua ukurasa mwingine, alikuwa akimngoja.

"Asante, punda wewe," Zundel akasema, akaketi.

"Karibu, punda mwenzangu. Tulifika wapi?"