Mkono Ulikuwa Umeshika Kikombe

Jumanne ile mpiga picha alifunga duka mapema, saa tisa na nusu, akaenda kunywa chai na mchumba wake. Tangu asubuhi alikuwa amepiga picha kumi na moja za pasipoti. Kazi hiyo inataka jicho: kivuli kikionekana kwenye ukuta mweupe nyuma ya mteja, ofisi inairudisha picha. Ndiyo maana, kwa miaka tisa ya kazi, alikuwa amezoea kutazama ukuta kwanza, ndipo amtazame mtu.

Mchumba wake alikuwa fundi saa, mtu asiye na makuu, mikono haitetemeki, anayesema taratibu kama anayehesabu skrubu ndogondogo. Waliketi mezani nyumbani kwa fundi, jua la alasiri likiingilia dirishani, wakazungumza habari za mapazia. Mpiga picha alitaka ya kijani. Fundi akasema ya buluu. Mpiga picha akarudia kwamba ya kijani. Fundi akatabasamu, akanyanyua kikombe chake cha chai.

Kivuli chake ukutani hakikunyanyua kikombe. Kilinyanyua mkono kikamzaba mpiga picha kofi. Lilikuwa kofi la baridi, kama kupigwa na nguo iliyotoka majini, na liliacha alama za vidole vinne shavuni.

Fundi alimeza chai, akasema kijani hushika vumbi sana.

Siku ya posa, rafiki zake mpiga picha walimshauri binti huyo aweke orodha ndefu: asiwe mlevi, asiwe mvivu, asiwe wa kulala nje. Yeye aliweka sharti moja tu, akalisema mbele ya wazee wa pande zote mbili. Siku atakayopigwa, ataondoka siku hiyohiyo, wala asiitiwe kikao. Dada yake mkubwa alikuwa amekaliwa vikao saba, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabla ya kile cha nne. Wazee waliitikia wote, hata wa upande wa fundi, na mmoja akasema huyu binti anajua anachokitaka.

Alipotangaza kwamba anaondoka, kikao kiliitwa.

Kilikaliwa Jumatano alasiri, sebuleni kwa fundi. Mwenyekiti alikuwa mjomba wake fundi, karani mstaafu, aliyekuja na kalamu yake na karatasi zake. Aliwasalimia watu, akaomba dua fupi, kisha akamgeukia mpiga picha.

"Mwanangu, alipokupiga, mkono wake ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeshika kikombe."

"Chai ilimwagika?"

"Haikumwagika."

Mjomba akaandika kwamba chai haikumwagika.

Mpiga picha hakubishana. Aliinuka akafungua pazia, kwa kuwa alijua jua la saa ile linaingilia upande gani. Kivuli cha fundi kikaangukia ukutani, kikapiga hatua moja mbele, kikampiga tena mbele ya watu tisa. Shangazi yake fundi alisogeza sahani ya biskuti isije ikaanguka. Fundi mwenyewe alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Tumekiona," alisema mjomba. "Tena ni kirefu kumshinda mwenyewe."

Watu wakacheka kidogo. Fundi alipoulizwa kama ana neno, alisema anampenda mchumba wake, na kwamba yeye hajui yanayotendeka nyuma ya mgongo wake.

Uamuzi haukuchukua muda. Mkono haukuinuliwa, kwa hiyo sharti halikuvunjwa. Shangazi alishauri taa ya nyumba ya maharusi ining'inizwe katikati ya dari, ili kivuli kiishie miguuni, na dirisha la magharibi lifungwe mchana. Wakiyafanya hayo wataishi vizuri tu. Lakini binti akiondoka, iandikwe kwamba yeye ndiye aliyevunja ahadi.

Mama yake mpiga picha alikuwa amekaa pembeni muda wote huo. Aliulizwa mara mbili kama ameridhika, na mara zote mbili alitikisa kichwa kukubali.

Waliporudi nyumbani, mama alichukua shati lililokatika vifungo, akakaa kwenye kigoda karibu na kabati. Binti alifungasha nguo zake. Alipofunga zipu ya begi alimuuliza mama yake kwa nini alikubali.

Mama alisimama na shati lake, akahamishia kigoda upande wa mlango, akakaa. Kwenye ukuta karibu na kabati kilipita kivuli cha mwanamume mwenye mabega mapana. Kilisimama juu ya pale alipokuwa amekaa mama, kikainua mkono, kikaushusha. Baba alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa, Mungu amsamehe.

"Saa kumi na moja kasorobo kinakuwa kabatini," alisema mama. "Saa kumi na mbili kinakuja huku mlangoni. Siku za mawingu napumzika. Utazoea, mwanangu. Mimi baba yako hakuwahi kuninyanyulia mkono."

Binti alitazama ukuta kwa muda, kama anavyotazama akiwa kazini. Halafu akasema nyuma ya duka kuna chumba, kidogo lakini kinatosha watu wawili. Akamwomba mama waende wote, jioni hiyohiyo.

Mama alikata uzi kwa meno.

"Nikihama, mwenye nyumba atampangisha mwanamke mwingine hapa," alisema. "Na huyo hatazijua saa zake."

Binti alichukua begi, akambusu mama yake mkononi, akatoka. Kesho yake karatasi ya mjomba ilisomwa mbele ya pande zote mbili, na ilisema ni yeye aliyevunja ahadi.

Mama alishona kifungo cha tatu na cha nne. Ilipokaribia saa kumi na mbili aliinuka, akasogeza kigoda mpaka chini ya dirisha.