Ndama wa Vipuli

Nikuze alishasema hapana, na hapana ya Nikuze watu wa Nyakatuntu wanaijua. Hairudi nyuma. Bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake haiingii kwenye kikapu cha kanisa, na mwenye hamu ya bangili akatafute ya kwake.

Mama yake, Nyirabageni, alivuka mto Kagera na bangili hiyo mkononi. Nyumba, ng'ombe na makaburi ya wazee vyote vilibaki ng'ambo. Bangili ilimfuata kwa sababu tu haivuki vifundo vya vidole bila kupakwa samli. Siku Nikuze anaolewa, mama alijipaka samli, akaivua, akamvisha. Sasa zamu ilikuwa ya Umutesi, binti yake, aliyechumbiwa na Ahabwe, kijana wa wafugaji wa kule mbugani.

Kilichowasha moto ni Mwinjilisti Gaudiosus. Alirudi kutoka kwenye semina kifua kikiwaka, akahubiri habari za wana wa Israeli kule jangwani: jinsi walivyovua vipuli masikioni, wakampa Haruni, akawatengenezea ndama wa kuabudu. Kwa hiyo, alisema, kila pambo ni sanamu inayosubiri siku yake. Wanawake walilia, wakavua. Placidia, mke wake mwenyewe, alivua hata vile vipuli alivyonunuliwa na Gaudiosus enzi za uchumba wao. Kesho yake wote walionekana sokoni wamechomeka vijiti vya ufagio masikioni ili matundu yasizibe. Kutubu walikuwa wametubu, ila masikio hayakushirikishwa.

Nikuze peke yake hakuvua.

"Shikamoo, baba mwinjilisti," alisema alipoenda kuomba ndoa ya binti yake itangazwe.

"Marahaba. Bangili kwanza, mama Umutesi. Bila bangili, sitangazi."

Alirudi nyumbani, akachukua jembe. Umutesi alimkuta shambani anapalilia maharage kama anayegombana nayo.

"Mama, tuitoe tu. Ni shaba."

"Ni shaba, ndiyo. Na mimi ni nyama na mifupa, mbona hujanitoa? Shika jembe."

Jumapili alivaa gauni lake zuri, bangili mkononi, akamchukua Umutesi wakaenda. Alikuwa na maneno yake kichwani tangu alfajiri. Alipofika uwanja wa kanisa, maneno yote yakapotea.

Katikati ya uwanja alisimama ndama jike mwenye rangi ya kahawa, amevishwa maua shingoni. Vipuli vya wanawake vilikuwa vimeuzwa mjini, na mapato yake yamemnunua ndama huyu kwa mzee Kashaija, awe mali ya kanisa. Watu walimzunguka wakiimba. Vijana wa wafugaji walicheza mbele yake, mikono juu, wakiigiza pembe.

"Mawe! Mama yangu!" Nikuze alisema, halafu akapenya mpaka mbele. "Baba mwinjilisti, shikamoo. Nauliza tu. Vile vipuli vya wenzangu viko wapi?"

Gaudiosus alikuwa na furaha sana. Alimpigapiga ndama mgongoni. "Si hivi hapa! Wanawake walivua, tukatia kikapuni, akatoka ndama huyu!"

Wimbo ulikufa mbele, kisha ukafa na nyuma. Kijana mmoja alibaki mikono juu, hajui aishushe au aiache. Placidia alicheka, akajiziba mdomo. Kisha akagusa kijiti kwenye sikio lake na kicheko kikamwisha.

"Jamani, huyu ni wa maziwa," Gaudiosus alisema, jasho likimtoka. "Maziwa ya watoto. Hatumwabudu."

"Najua hamumwabudu. Na mimi siiabudu bangili. Kumbe tunaelewana." Nikuze hakupandisha sauti. "Rebeka aliwanywesha ngamia wa mgeni kisimani. Akavishwa pete na bangili, na mgeni yule akainama akamshukuru Mungu. Huyu wangu kiangazi kizima amewachotea maji ng'ombe wa akina Ahabwe. Umutesi, lete mkono."

Hapo sasa macho yote yalimgeukia Pulkeria, mama yake Ahabwe, aliyekuwa ameleta kibuyu cha samli kwa ajili ya mnada wa sadaka. Nikuze naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa. Familia ya Pulkeria haikuwa imewahi kukorofishana na kanisa. Akikataa, bangili haivuki, na huenda hata uchumba ukaishia hapo uwanjani.

Pulkeria alikuja bila haraka. Akazibua kibuyu, akapaka mkono wa Nikuze, akapaka na wa Umutesi.

Bangili ilitoka kwa maumivu, ikaacha alama nyeupe kwenye ngozi. Nikuze aliona uchungu, kama anamzika mama yake upya. Kwenye mkono wa binti ilikwama vifundoni, ikasukumwa, ikapita, na mkono ukafutwa samli. Uchungu ule ule ukageuka furaha, na hakujali nani anamwona analia.

"Mama Umutesi," Gaudiosus alisema polepole, "mvue, tuyamalize kwa amani."

"Bila samli haitoki, baba."

Wote wakamtazama tena Pulkeria. Aliziba kibuyu, akakigandamiza kizibo kwa kiganja.

"Samli imekwisha," alisema, na kila mtu alisikia samli ikichezacheza ndani.

Gaudiosus alimgeukia mke wake kutafuta msaada. Placidia alichomoa kijiti cha sikio la kulia, akachomoa na cha kushoto, akaviweka vyote kiganjani mwa mumewe.

"Tangaza ndoa, baba," alisema. "Halafu vipuli vyangu utanirudishia."