Jina la Ugonjwa wa Anouar

Anouar alikuwa fundi umeme wa magari mtaani Buyenzi. Vita vilipopamba moto, mkewe Fatouma alikimbilia Kigoma na watoto. Yeye akabaki kulinda gereji. Walikubaliana miezi mitatu. Ikawa miaka miwili.

Mwaka wa kwanza jicho lake la kushoto lilififia, likawa linauma kila alipoligeuza. Baada ya wiki nne likapona lenyewe, akalisahau. Mwaka wa pili miguu ikafa ganzi, na kila alipoinamisha kichwa, kitu kama shoti kilimshuka mgongoni hadi vidoleni. Majirani walisema amerogwa. Kwa Fatouma aliandika: "Niko mzima kabisa." Aliogopa mkewe angerudi kwenye risasi, aliogopa zaidi kwamba asingerudi.

Mwishowe akaenda hospitali. Daktari Daphrose alimgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza amefumba macho, akatoa maji ya uti wa mgongo kuyapima. Kisha akauliza, "Kabla ya miguu, kuna kitu kiliwahi kuja kikaondoka?"

Anouar akakumbuka jicho.

"Hicho ndicho nilikuwa natafuta," daktari akasema. "Kinga ya mwili wako inakula ngozi ya mishipa ya fahamu, leo hapa, mwakani pale. Nadhani ni sclérose en plaques. Lakini mashine ya kuona ndani ya kichwa iko Nairobi."

Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo na nchi jirani, ndege hazikwenda. Alingoja miezi mitano. Wanawake walipocheka nyumba ya pili, aligeuka kila mara, ingawa alijua Fatouma hayumo.

Vikwazo vilipoondolewa mwaka 1999, alisafiri. Picha ilionyesha madoa meupe kwenye ubongo, mengine ya zamani, mengine mapya. Daktari wa huko alithibitisha: ni ugonjwa ule ule, hauna dawa ya kuumaliza, ila mashambulizi yake hutulizwa. Anouar alishangaa kujiona amepumua.

Aliporudi alipiga simu Kigoma, dukani kwa Sulemani, jirani wa Fatouma, akaomba aitiwe mkewe.

"Mama Khadidja, nilikudanganya." Akamweleza yote.

Fatouma akauliza, "Unatembea?"

"Natembea na fimbo."

"Basi njoo wewe. Gereji iache."

"Mguu ukipata nguvu..."

"Apana, Baba Khadidja. Njoo na huo huo."

Alimwachia fundi mwenzake Rachidi funguo, akaenda bandarini. Wakamwambia siku ya meli haijulikani. Akakalia begi lake, akangoja.